Ng'ombe Wengi, Nyama Kidogo

  Ndugu zetu wa Kakuma, Kalobeyei, Bidibidi, Nairobi na popote mlipo, zamu ya kuandika imefika kwetu sisi wa Hai Cinema, na tumechagua jambo ambalo limetugombanisha karibu mwezi mzima: nyama ya ng'ombe. Je, ni chakula kizuri kwa mwili? Na je, dunia inaweza kuendelea kuibeba?

Mzozo ulianza hivi. Wenzetu wawili walisema sayansi imeshaamua, nyama inaleta kansa na inachafua hewa, tuache. Mwingine akauliza, "Tuache nini? Hapa nani anakula nyama kila siku?" Wa nne, ambaye mama yake analima Equatoria na shamba lake lilishaliwa na ng'ombe mara mbili, akasema tatizo si sahani, tatizo ni mifugo kuzidi. Hapo yule ambaye wajomba zake wanafuga Terekeka akanuna. Tukaona tuache kelele, tuangalie historia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mjadala wenyewe unasema nini

Kwanza tuuweke sawa, maana wengi tunausikia nusunusu. Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, linaloitwa IARC, lilisema nyama za viwandani kama soseji, bekoni na nyama ya kopo zina ushahidi wa kutosha kwamba zinasababisha saratani. Nyama nyekundu ya kawaida, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, iliwekwa ngazi moja chini: kuna uwezekano mkubwa, lakini ushahidi haujakamilika. Walisema ukila gramu 50 za nyama ya kiwandani kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18. Sikilizeni vizuri: kila siku. Na hiyo 18 inaongezwa juu ya hatari ndogo ambayo mtu anayo tayari. Haina maana kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua.

Upande wa mazingira, mwaka 2013 FAO ilikadiria kwamba mifugo yote duniani inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, na ng'ombe peke yao wanabeba karibu theluthi mbili ya hizo. Ng'ombe akicheua anatoa methani, gesi yenye nguvu kubwa ya kupasha dunia joto. Tena kuna misitu inayokatwa ili kupata malisho, kama kule Amazon.

Januari 2019 ikaja tume ya wanasayansi ya EAT-Lancet. Wao walipendekeza mtu mzima ale kama gramu 14 tu za nyama nyekundu kwa siku. Hebu tupige hesabu ya bucha: robo kilo moja ikutoshe wiki mbili na nusu. Walisema Marekani Kaskazini wanakula zaidi ya mara sita ya kiasi hicho. Lakini pia walikubali kwamba katika nchi kama zetu, ambako watoto wengi wanakosa virutubisho, chakula cha mnyama kinaweza kuwa cha lazima kwao.

Kumbe hata wanasayansi hawasemi kitu kimoja kwa watu wote. Sasa turudi nyumbani.

Ng'ombe kabla ya kuwa nyama

Mtu wa nje akisikia Mdinka, Mnuer au Mundari ana ng'ombe mia, anafikiri huyu anakula nyama asubuhi na jioni. Si kweli. Chakula cha kambi ya ng'ombe ni maziwa na mtama, na samaki wakati maji yanapopungua. E. E. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyekaa na Wanuer miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake juu yao mwaka 1940, aliliona hilo waziwazi: hawafugi ili wachinje. Ng'ombe anachinjwa kwa kafara, kwa sherehe au kwa shida kubwa ya njaa. Akifa mwenyewe, basi, analiwa.

Ng'ombe alikuwa na kazi nyingine. Alioa. Alilipa damu pale mtu alipouawa, ili kisasi kisiendelee. Aliunganisha koo. Alitoa hata majina: Mabior ni dume mweupe, Malual ni wa rangi nyekundu, Majok ana weusi na weupe. Wangapi kati yetu tuna majina hayo kwenye kadi za UNHCR na hatujawahi kukamua?

Kwa hiyo tunaposema "nyama ya ng'ombe", kwa babu zetu nyama ilikuwa kitu cha mwisho ng'ombe alichotoa, baada ya kumaliza kazi zake zote.

Mto huu na pembe za ndovu

Si mbali na hapa tunapokaa, ng'ambo ya mto na kidogo kaskazini, palikuwa na kituo cha Gondokoro. Samuel Baker, msafiri wa Kiingereza, alifika hapo mwaka 1863 na kueleza biashara aliyoikuta. Wafanyabiashara kutoka Khartoum walikuja na bunduki, wakavamia kijiji, wakachukua watu na ng'ombe. Kisha ng'ombe wale wale wakapelekwa kwa kijiji kingine na kubadilishwa kwa pembe za ndovu.

Tafakarini hilo. Miaka 160 iliyopita, kwenye mto huu huu, ng'ombe aliyeporwa kwa bunduki alikuwa tayari ni pesa. Wizi wa mifugo kwa silaha una mizizi mirefu, na si wote waliopanda mizizi hiyo walikuwa wenyeji.

Sotoka

Halafu ikaja sotoka. Ugonjwa huu uliingia pembe ya Afrika mwaka 1887, na wanahistoria wengi wanasema ulikuja na ng'ombe walioletwa bandari ya Massawa kwa ajili ya jeshi la Italia. Ethiopia iliingia kwenye njaa kubwa, 1888 hadi 1892. Wamasai walipoteza karibu mifugo yote, na wao wenyewe wakafa kwa maelfu. Ugonjwa ulishuka kusini mpaka ukafika Rasi ya Tumaini Jema kabla karne haijaisha. Katika sehemu nyingi, ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Nyati na twiga pia.

Huku kwetu Wanuer na Wadinka nao walipigwa. Na hapa ndipo tunaelewa kitu ambacho wataalamu wa kikoloni hawakukielewa. Mtu ambaye babu yake alikuwa na ng'ombe hamsini wakabaki watano, atafanya nini akipata nafasi? Atajaza zizi. Wengi maana yake hata wakifa, watabaki wa kuanzia. Tena utawatawanya: hawa kwa mjomba, hawa kwa mkwe, hawa kambi ya mbali. Si ujinga. Ni bima ya mtu asiye na kampuni ya bima.

Lakini mwaka 1926 msomi wa Kimarekani Melville Herskovits aliandika juu ya watu wa Afrika Mashariki na mapenzi yao kwa ng'ombe, na maneno yake yakachukuliwa na wengi kama uthibitisho kwamba mfugaji Mwafrika anarundika mifugo bila akili. Kutoka hapo ikawa rahisi kusema: wana ng'ombe wengi mno, wapunguzwe.

Wakamba watembea hadi Nairobi, 1938

Ndugu zetu mlioko Kenya, hii ni ya kwenu. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilisema ardhi ya Machakos inakufa kwa mmomonyoko wa udongo kwa sababu ng'ombe wamezidi. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini serikali haikusema kwa sauti ile ile kwamba sehemu nzuri za malisho zilikuwa zimeshachukuliwa na walowezi. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa inafungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wa bei ya chini.

Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa lazima. Julai, Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kumuona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilirudi nyuma na kuacha uuzaji wa lazima.

Tumeipenda historia hii kwa sababu inaonyesha mijadala miwili ikichanganywa makusudi. Mmoja ni wa ardhi: malisho yanatosha? Wa pili ni wa sahani: nani anakula hiyo nyama? Mkamba aliambiwa ng'ombe wake wanaharibu ardhi, halafu ng'ombe huyo huyo akapelekwa kiwandani. Kama tatizo lilikuwa udongo tu, mbona bei haikuwa ya haki?

Chanjo iliyofika bila friji

Sasa habari njema, maana historia ya ng'ombe si ya vilio peke yake. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilifanya kazi, ila ilihitaji baridi. Nani angebeba friji kwenye vinamasi vya Sudan Kusini katikati ya vita?

Miaka ya 1990 ikapatikana chanjo inayovumilia joto kwa wiki kadhaa. Mashirika yaliyofanya kazi chini ya Operation Lifeline Sudan yakafundisha wafugaji wenyewe, waliochaguliwa na jamii zao, wachanje. Vijana wa kambini, wengine hawajui kusoma, wakitembea kwa miguu. Mwaka 1993 peke yake walichanja ng'ombe zaidi ya milioni moja. Mlipuko wa mwisho uliothibitishwa Sudan Kusini ulikuwa 1998. Duniani kote, wa mwisho ulionekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001.

Tarehe 28 Juni 2011 FAO ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 9 Julai, Sudan Kusini ikawa nchi huru. Huu ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa na binadamu, baada ya ndui. Na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watu wetu, wale wale waliokuwa wakiitwa wajinga wa ng'ombe. Kwa nini shuleni hatukufundishwa hili? Hilo ni swali la siku nyingine.

Ng'ombe kama benki, bunduki kama ufunguo

Adui mkubwa alikufa, basi mifugo ikaongezeka. Baada ya uhuru, makadirio ya FAO yaliyotajwa sana yalisema tuna ng'ombe milioni 11.7. Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8.26. Yaani ng'ombe wametuzidi. Na bado Februari 2017 ikatangazwa njaa ya kiwango cha juu kabisa Leer na Mayendit, jimbo la Unity, nchi ya wafugaji. Ng'ombe wengi, nyama kidogo, na maziwa yakaisha watu walipokimbia.

Kwa nini basi mtu hauzi? Angalieni Desemba 2015. Pauni yetu ilikuwa kama 3 kwa dola moja kwa bei ya serikali. Ikaachiwa, ikawa 18.5 kwa usiku mmoja. Aliyeuza ng'ombe na kuweka pesa chini ya godoro alilia. Aliyebaki na ng'ombe wake, bado alikuwa na ng'ombe wake. Wazee wakasema: si tuliwaambia?

Sharon Hutchinson, aliyeandika juu ya Wanuer mwaka 1996, alieleza jinsi wao wenyewe wanavyotenganisha: kuna ng'ombe wa pesa, aliyenunuliwa sokoni, na kuna ng'ombe wa wasichana, aliyekuja kwa mahari. Hawako sawa. Wa kwanza ni wa mtu, wa pili ni wa ukoo, kila ndugu ana haki yake. Huwezi kumwambia mtu "uza wa pili" kama unavyomwambia auze redio.

Ila kuna upande mchungu. Mahari imekuwa makumi ya ng'ombe, na kwa wenye nacho ni mamia. Kijana asiye nao anaona njia moja: akavamie. Zamani mkuki, sasa ni AK-47. Mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012, maelfu ya vijana wenye silaha waliingia Pibor, na mamia ya watu waliuawa. Kwa upande wa wasichana, mmoja wa dada zetu alisema na hatukuwa na jibu: "Mnajadili kama ng'ombe analiwa au haliwi. Mimi nabadilishwa kwa ng'ombe, na mimi sijaulizwa."

Halafu kuna shamba. Mashambulio ya Bor mwaka 1991 yaliua watu wengi na kufagia mifugo, na waliobaki wakashuka na ng'ombe wao kuelekea Equatoria. Tangu 2019 mafuriko yameyafunika malisho ya Jonglei na Unity mwaka baada ya mwaka. Bentiu 2021 iligeuka kisiwa. Ng'ombe hawezi kula maji. Wanaletwa kusini, wanaingia kwenye mihogo na mtama wa watu. Rais Salva Kiir alitoa amri mwaka 2015 wafugaji waondoke Equatoria. Amri ilibaki amri. Februari 2023, siku moja kabla Papa Francis hajatua Juba, watu zaidi ya ishirini waliuawa Kajo-Keji katika mgogoro wa mifugo.

Mnaona sasa kwa nini yule mwenzetu wa shamba hakucheka. Na mnaona pia mzunguko wenyewe: hewa ya dunia inabadilika, mafuriko yanawasukuma ng'ombe, ng'ombe wanasukuma watu. Waliochafua hewa hiyo zaidi wako mbali. Lakini tuseme ukweli hata ukituuma: ng'ombe wetu pia wanatoa methani, na kwa kuwa wanakua polepole na wanatoa maziwa kidogo, gesi kwa kila kilo ya nyama au lita ya maziwa ni nyingi kuliko ya ng'ombe wanaotunzwa vizuri.

Turudi kwenye sahani

Baada ya yote haya, msimamo wetu ni upi? Hatukukubaliana kila kitu, ila mambo manne yalipita.

Moja. Onyo la kiafya linawahusu watu, halihusu nchi nzima. Kuna watu hapa Juba wanaokaa na nyama choma na bia karibu kila jioni, na soseji asubuhi. Hao wasikilize IARC kama Mzungu anavyosikiliza. Lakini mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, anayeishi kwa asida na mboga, huyo usimtishe na kansa. Kipande kidogo cha nyama au ini, maziwa, dagaa na maharage ni dawa kwake.

Mbili. Mgao wa kambini ni nafaka, maharage na mafuta, na hata huo umepunguzwa mara nyingi. Aliyekaa Kakuma hahitaji kufundishwa kula nyama kidogo. Mtu anayetaka dunia ile nyama kidogo aanze na sahani iliyojaa.

Tatu, na hili ndilo liliwashtua wengine: kwetu sisi, njia ya kulinda ardhi inaweza kuwa kuuza na kula ng'ombe zaidi kidogo, badala ya kuacha. Kuuza baadhi kabla ya kiangazi kikali, wakiwa bado na mwili, kuliko kuwangoja wafie njiani au wale shamba la mtu. Wachache, wenye afya, wenye maziwa. Lakini haliwezekani kwa amri wala kwa kukamata; Machakos walishajaribu. Linahitaji pesa isiyoyeyuka, soko la bei ya haki na barabara ambayo mtu hapigwi risasi. Mpe mfugaji benki ya kweli, ndipo umuombe apunguze benki ya miguu minne.

Nne. Shamba lililoliwa lilipwe, na lilipwe kwa ng'ombe, kwa sababu mila zetu tayari zinajua kulipa kwa ng'ombe. Kama ng'ombe aliweza kumaliza kisasi cha damu, anashindwaje kulipa gunia za mihogo? Mwenzetu wa Terekeka ndiye aliyelisema hili, si yule wa shamba.

Sasa zamu yenu. Waulizeni wazee mlio nao, huko kambini au nyumbani: ng'ombe wangapi walitoka kwa ajili ya mama yako, walikwenda kwa nani, na wangapi kati yao waliliwa? Tuandikieni majibu. Tunadhani hesabu hiyo, ikikusanywa kutoka kwetu sote, itatufundisha mambo ambayo hakuna tume iliyowahi kuyaandika.

Sisi wenu, wa Hai Cinema, Juba.